Embe la Shilingi 85,000

Gengeni kwa mama Shua embe dodo moja ni buku. Ukimchekea kidogo anakuongezea na kale kadogo kalikobonyea ubavuni. Unakula, unafyonza mpaka kokwa, unafuta mikono kwenye suruali, maisha yanasonga. Mimi mwezi uliopita nimetoa shilingi 85,000 kwa ajili ya embe, na embe lenyewe sikulila. Nililinusa tu. Na hata kulinusa sikulinusa sana, maana niliambiwa nalimaliza.

Ngoja nikae vizuri nikusimulie, nisije nikalia hapa mbele za watu.

Mke wangu, mama Zuhura, hana makuu. Nasema hivi kwa sababu huwa anasoma hapa. Miaka kumi na minne ya ndoa hajawahi kuniomba kitu cha kunitoa roho. Sasa ofisini kwao kuna dada mmoja mhasibu. Huyo dada akipita kwenye korido, anasema mama Zuhura, ni kama imepita bustani. Bustani! Mimi nikipita mlangoni kwangu naulizwa kama nimeoga.

Basi siku hiyo niko zangu kwenye foleni ya M-Pesa, simu ikalia. WhatsApp. Picha ya chupa. Juu rangi ya machungwa, chini pinki, kifuniko kama ua la baibui la shughuli, nyuma yake mnazi umepinda na bahari ya buluu utadhani imetiwa wanja. Chini ya picha kaandika: "Mume wangu." Basi. Maneno mawili. Nyie mliooa mnajua. Siku zote ni "baba Zuhura, takataka", "baba Zuhura, gesi". Ukiona umepandishwa cheo ghafla ukawa mume wangu, jua kuna hela inatoka.

Nikaenda Kariakoo. Duka lenyewe vioo vitupu, kiyoyozi kimewekwa baridi ya mochwari, taa zinawaka mchana kweupe. Nikavua kofia. Sijui kwa nini nilivua kofia. Binti mmoja kanichangamkia, "Karibu baba angu." Nikamwonesha picha. Akaitazama, akasema, "Aaa, hiyo ni fruti florali."

Mimi nikadhani ni jina la mtu. Nikauliza, "Yeye ni wa wapi?"

"Nani?"

"Huyo Fruti Florali."

Binti akageuka akamwita mwenzake atoke stoo. Akanambia nirudie. Nikarudia. Wakashikana mabega wakacheka mpaka mteja mwingine, kijana kavaa suti, akaja kusikiliza. Kumbe ni aina ya pafyumu, mchanganyiko wa matunda na maua. Nikasema, aaa, kama saladi. Wakacheka tena. Nilikuwa sijafika hata dakika tano.

Ikabidi aniletee boksi anisomee, maana Kiingereza chake kilikuwa kirefu. Akasema, hii pafyumu imebuniwa kwa ajili ya kutorokea kisiwani. Nikamwambia soma tena. Akasoma tena. Kutorokea kisiwani. Mtu umechoka na kazi, umechoka na mji, unajipulizia, unafumba macho, unajikuta kisiwani.

Jirani, mimi ni mtu wa Mafia. Si wale Waitaliano wa kwenye muvi wanaochinja watu, Mafia kisiwa, wilaya ya Mkoa wa Pwani, ile ambayo ukisema unatoka huko watu wanakupisha kwanza halafu wanakuangalia viatu wanarudi. Mimi kisiwa nimekitoroka. Nimetoroka na jahazi, nina kibegi kimoja, nimetapika tangu bandarini Kilindoni mpaka nyongo ikaniuliza kama bado tuko pamoja. Leo niko Kariakoo, nimevua kofia, naambiwa nitoe hela nikatorokee kule kule.

Na watu wa maboksi haya hawajawahi kuniuliza kisiwa kinanuka nini. Wangeniuliza ningewaambia bure. Kisiwa kinanuka makumbi. Unayajua makumbi? Maganda ya nje ya nazi, akina mama wanayafukia kwenye tope la pwani, yanakaa humo miezi na miezi mpaka yaoze yalainike, halafu wanayafukua wayapondeponde wapate usumba wa kusokota kamba. Siku ya kufukua hata kunguru anahamia kijiji cha pili. Kisiwa kinanuka mbata zimeanikwa, halafu mvua imezinyeshea, halafu zimeanikwa tena. Kinanuka ng'onda, samaki wa kukaushwa. Kinanuka mashua iliyopakwa sifa, na hapa sisemi zile sifa za kusifiwa, nasema mafuta ya ini la papa, yale wanayopaka mbao zisiliwe na wadudu. Mimi utoto wangu ndiyo ilikuwa kazi yangu, kupaka mashua ya baba. Nikiingia darasani dawati linabaki langu peke yangu. Na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupakwa maishani.

Binti akachukua kikaratasi, akapuliza, akanipa. "Nusa, baba. Umeisikia nazi?"

Nikanusa. Nikamwambia, binti yangu, mimi nazi nimeikwea, nimeifua, nimeikuna, nimeanguka nayo. Hii si nazi. Hii ni biskuti.

Hapo ndipo nilipojikoroga. Kumbe yule binti ana digrii ya kemia. Ajira haijatoka, ndiyo kajishikiza pale. Wewe ulishawahi kubishana na mtu mwenye digrii ya kemia asiye na ajira? Ana hasira na ana muda. Akaniambia sahihi kabisa baba, hiyo nazi haijatoka kwenye nazi. Inapikwa maabara, inaitwa gama-nonalaktoni, na watu wa manukato wameizoea kwa jina la aldehaidi C-18, ingawa kikemia si aldehaidi. Nikaitikia kichwa kama mtu anayefuatilia. Moyoni nasema, kwa hiyo nazi si nazi, na hata jina lake la wizi ni la wizi.

"Na bahari je?" nikauliza, maana kwenye boksi walikuwa wamechora bahari kubwa.

Bahari nayo ya maabara. Inaitwa kaloni. Waliigundua wakemia wa Pfizer mwaka 1966, ndiyo hao hao wa madawa. Ikakaa kaa, ilipofika miaka ya tisini kila pafyumu ikataka kuwa bahari. Akanipulizia nyingine nione. Nikanusa, nikasema hili tikiti maji. Akafurahi sana. Akasema ndivyo ilivyo, kaloni inakaa katikati ya tikiti na upepo wa pwani. Mara ya kwanza maishani napatia swali la kemia na hakuna mwalimu wa kuniwekea vema. Lakini jirani, bahari ya Kilindoni nimeinywa kwa bahati mbaya mara nyingi tu, na tikiti sijawahi kukutana nalo.

Cha kweli humo ndani, anasema, ni langilangi. Ua lenyewe, linachumwa mtini, linatiwa kwenye mtambo linatolewa mafuta, na mafuta mengi yanatoka hapo kwa majirani zetu Comoro. Hata ile Chanel No. 5 ya mwaka 1921, inayovaliwa na mabibi wa Ulaya wenye majumba, ndani yake mna langilangi. Nikakaa kimya. Bibi yangu alikuwa na mlangilangi. Aliupanda nyuma ya choo, ili usaidie. Miaka yote ile tunajisaidia Paris hatujui.

Nikauliza bei. Akasema elfu themanini na tano. Nikauliza ya galoni? Akasema ya mililita thelathini. Mililita thelathini jirani ni dawa ya kikohozi ya mtoto, na ile ya kikohozi ina kijiko.

Akaona jasho linanitoka ndani ya kiyoyozi. Akanihurumia, akasema baba, usinunue kwa harufu ya mwanzo. Harufu ya pafyumu inakuja kwa mafungu. Kwanza matunda, kwenye hii ni embe na nanasi, maana ni mepesi yanaruka haraka. Halafu maua. Halafu mwisho zile nzito, miski na mbao, ndizo zinazobaki na wewe mpaka jioni. Nikupulizie mkononi, katoke nje nusu saa, urudi uniambie.

Nikatoka. Nikasimama kibarazani kwa nusu saa nimeinua mkono kama niliyevunjika. Machinga wa soksi akaniuliza, "Mzee, POP imekauka?" Nikamwambia kausha. Joto la Dar unalijua. Embe liliondoka kabla sijamaliza kunywa maji. Nanasi likafuata. Maua yakaja yakasimama kidogo kama wageni wa harusi waliokosea ukumbi. Ilipofika nusu saa nikanusa, nimebaki na harufu ya mtoto aliyetoka kuogeshwa kliniki.

Nikarudi ndani na msimamo. Nikasema binti, mimi nimegundua embe linakaa dakika kumi. Elfu themanini na tano kwa dakika kumi, si bora niende gengeni nikakae na mama Shua kutwa? Akasema baba, tuna na za kupima, mafuta ya kufananishia, unapimiwa kwenye kichupa kwa elfu tano. Moyo wangu ukaruka. Elfu tano! Nikafungua mdomo niseme nipimie. Nikamwona yule kijana wa suti bado yupo. Ananitazama. Mdomo ukasema, "Nani? Mimi? Nipe hiyo hiyo orijino."

Sikuutuma mimi. Nakuapia.

Wakati ananifungia, binti akanitia kidonda chumvi. Akasema fanya kuitunza baba, hizi ni za msimu kama maembe. Akasema wenyewe waliozianzisha kwa fujo ni Escada wa Ujerumani, mwaka 1993 walitoa Chiffon Sorbet, wakaona imenoga, wakawa kila kiangazi cha kwao wanatoa mpya na ya mwaka jana wanaiacha ijifie. Hata kisiwa wameshauza, mwaka 2004, Island Kiss. Yangu mimi si ya hao, na ya kina nani sisemi, nina matatizo ya kutosha. Ila nilitoka pale najiuliza, mtu unaanzaje kuzoea harufu ambayo mwakani haipo? Mimi sabuni natumia aliyokuwa anatumia baba.

Nyumbani nilipokelewa kama mbunge. Siku tatu mfululizo mimi ni mume wangu. Chai ina maziwa. Rimoti niko nayo. Onyo lilikuwa moja tu, chupa isiguswe.

Jumamosi maji yakakatika. Dumu la akiba lina maji ya kuchezea bata. Sijaoga, deodoranti imeisha tangu sensa, mara mtoto wa jirani anakimbia, mzee wa nyumba ya pili amefariki, maziko baada ya adhuhuri. Mama Zuhura keshatangulia na akina mama. Nimebaki mimi, kwapa langu, na chupa.

Nilipuliza mara moja tu. Sikusikia kitu. Nikasema labda imekosea njia, nikapuliza ya pili. Bado. Nikaweka na kwapani, na shingoni, na kwenye kanzu mbele, na kanzu nyuma. Baadaye sana ndiyo nikaja kuambiwa kwamba pua inazoea, ukikaa na harufu inaacha kukupa taarifa. Sawa. Lakini pua za wenzako hazijazoea.

Nikaketi mkekani katikati ya wazee. Sheikh anaomba dua. Kimya. Vichwa chini. Mzee mmoja akainua pua. Akamgeukia jirani yake, kwa sauti ile ya wazee wanaodhani wananong'ona, "Nani kaja na maembe?"

"Juisi hiyo," akajibu mwenzake. "Watakuwa wamemwaga juisi huko jikoni."

"Kwenye msiba juisi ya nini?"

Mimi nimeinamisha kichwa nazidi kuitikia amin, amin kubwa kuliko ya wote. Mtoto mmoja wa kama miaka mitano akaja akasimama mbele yangu. Akanivuta pumzi, nakwambia alinivuta kama sigara. Akapiga kelele, "Baba, huyu ananukia Bigijii!" Halafu akaja nyuki. Mmoja tu. Lakini aliwapita wazee kumi na saba akawa ananizunguka mimi, anatua begani, anaondoka, anarudi na maswali. Dua haijaisha, siwezi kunyanyuka, siwezi kupunga mkono. Nikamwacha atembee. Kwenye kubeba jeneza, unajua watu huwa wanagombania thawabu, wanapokezana bega. Mimi nilibeba mwendo mrefu, hakuna aliyekuja kunipokea.

Habari ilifika upande wa akina mama kabla ya wali. Jioni mama Zuhura aliingia hata salamu hakunipa. Aliichukua chupa, akaiinua kwenye taa, akapima na kucha. Kisha akasema, "Baba Zuhura." Cheo kikaisha hapo hapo.

Ningekuwa na bahati, kisa kingeishia hapo. Wiki ya pili yake akaja shangazi yangu kutoka Mafia. Macho yanamsumbua, kaja hospitali. Kapanda boti mpaka Nyamisati, kapanda basi mpaka Mbagala, kafika kachoka, mama Zuhura kaenda kumkumbatia. Shangazi akaganda. Akamnusa shingo. Akamnusa tena upande wa pili.

"Mwanangu, umejifukiza nini? Subhanallah! Hii ndiyo harufu ya Ulaya hii!"

Mimi nikajifanya msomi. "Shangazi, hiyo si Ulaya. Hao wazungu wameiga kisiwani. Ni kama kwetu."

Shangazi akanitazama kwa yale macho yake mabovu, lakini nakwambia siku hiyo yaliona. "Kwetu kulinukia hivi lini?"

Sikuwa na jibu.

Alikaa siku tisa. Kila asubuhi anaomba "katone". Ananyoosha viganja vyote viwili kama anapokea Zamzam. Siku moja akaniuliza, mwanangu, humu ndani hamna kileo? Maana yeye maisha yake yote ni halud na udi na kikuba chake kifuani. Nilikuwa nimeshika boksi. Limeandikwa pale kwa herufi ndogo, alcohol denat. Nikaligeuza boksi upande wa mnazi. Nikamwambia shangazi, muulize sheikh, mimi macho yangu nayo siku hizi hayaoni. Akasema basi ataiweka kwenye nguo tu, si mwilini.

Siku ya kuondoka akaishika chupa akaitazama, akaitazama, akasema, "Hii ningefika nayo Kilindoni, hata wale waliofikiri nimekuja kufa huku wangeona aibu." Ukishaambiwa maneno hayo na shangazi wa kuzaliwa na baba yako, wewe unafanya nini? Mama Zuhura akatabasamu meno yote nje, "Chukua shangazi, ni yako kabisa." Lile tabasamu lilipomsindikiza shangazi mpaka getini, lilirudi likanigeukia mimi. Sitaki kulizungumzia.

Juzi simu. Shangazi. Shikamoo, marahaba, macho yanaendeleaje, macho mazuri, achana na macho. Kuna neno. Msimu huu ndiyo ule wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi wageni wanakuja Mafia kuogelea nao. Kuna mgeni mmoja mama wa Kizungu alikuwa anaangalia mikeka kwa shangazi. Akamnusa. Akatafutiwa na mkalimani. Anauliza, haya manukato ya asili ya kisiwa hiki mnayatengenezaje?

"Ukamjibu nini, shangazi?"

"Nikamwambia siri ya ukoo."

Sasa anataka chupa sita. Atazitoa kwenye boksi, atazifungia ukindu, atawauzia wageni kisiwa chao. Nikamwambia shangazi, chupa sita ni zaidi ya laki tano, mimi hela hiyo nitaitoa wapi? Akasema usijali, mtaji nimekutumia, uko kwenye basi, kaupokee Mbagala Rangi Tatu.

Nikaenda Rangi Tatu kwa furaha, na kibegi cha kutilia hela. Mtaji ni kiroba kizima cha ng'onda. Kilikuwa kimesafiri kwenye boti karibu na injini. Konda wa daladala ya kwanza alinitazama akapiga bati, gari ikaondoka. Wa pili akasema mzee hiyo maiti ilipie siti yake. Boda wakasema wana abiria, na abiria hawapo. Nikakipandisha kichwani nikatembea. Maji ya ng'onda yananichirizika shingoni, pale pale nilipojipulizia lile embe. Nilipofika kwetu mama Zuhura alishafunga mlango, alishanisikia tangu kona ya msikiti. Nyuma yangu kuna paka watatu, na wa nne anamalizia kuvuka barabara.